Kompyuta haifi yote: barua ya wazi kwa wenye funguo za stoo

Kigamboni, Dar es Salaam

Kwa Wakuu wa Taasisi za Umma, Maafisa Masuuli, Maafisa TEHAMA, Maafisa Ugavi na Watunza Stoo,

YAH: VIPURI VIZIMA NDANI YA KOMPYUTA CHAKAVU

Ndugu Wakuu,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mtindo huo nimejifunza kwenye barua nne nilizowahi kuwaandikia wenzenu. Zote zilipigwa muhuri wa "imepokelewa" na habari yake ikaishia hapo. Hii ya tano naiandika hadharani, ili hata ikipigwa muhuri, ipigwe mbele za watu.

Siombi zabuni wala siuzi kitu. Mimi ni fundi redio wa zamani niliyeingia kwenye kompyuta kwa kupenda tu, kama wengine wanavyopenda bao au kufuga njiwa. Kila Jumamosi baada ya alasiri tunakutana kwenye baraza ya mwenzetu mmoja huku Kigamboni, siku nyingine wanane, siku nyingine kumi na watano. Kuna walimu wawili wa sekondari, wanafunzi wa chuo, dereva wa bajaji, na mama mmoja mstaafu wa benki ambaye kwa kunyoosha pini zilizopinda za prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kwa sindano ya kushonea, hakuna anayemfikia. Kila mtu anakuja na mfuko. Wapo wanaovuka na pantoni kutoka ng'ambo wakiwa wamekumbatia kasha la kompyuta kama mtoto mchanga, na konda wa daladala anawatoza nauli ya mzigo.

Katikati ya baraza kuna daftari kubwa lililopigwa mstari wa wima. Kushoto tumeandika NATOA, kulia NATAFUTA. Anayetoa halipwi na anayepata halipi. Mwezi huu wewe unatoa feni, mwezi ujao unapata kibodi, na mtu ambaye hujawahi kumsaidia lolote anakuletea waya uliouhangaikia tangu Ramadhani. Wenzetu wanaouza vipuri Kariakoo wanatucheka, lakini nao wakikosa kipuri cha mashine ya mwaka 2008 wanajua pa kumtuma mteja.

Sasa niseme lililonileta.

Kwenye rejista yenu ya mali, kompyuta ni kitu kimoja. Ina namba moja, iliyoandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni au kwenye kibandiko, na maisha yake yote yanakwenda na namba hiyo: ilinunuliwa, ikapangiwa ofisi, ikaharibika, ikarudi stoo. Pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme, ikiungua, rejista inaandika kwamba kompyuta imeharibika. Kwetu sisi kilichoharibika ni pawa saplai. RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine, ni nzima, prosesa nzima, feni nzima, nyaya za SATA za kuunganishia diski nzima, bodi kuu inayobeba vyote pengine nzima, hata skrubu ni nzima, na skrubu za kompyuta huzipati kwa muuza misumari. Vyote hivyo vinahukumiwa kwa kosa la mmoja. Na kwa kuwa RAM haina namba yake kwenye rejista, hakuna mwenye mamlaka ya kuitoa. Kiofisi haipo, na kitu kisichokuwepo hakitolewi kwa saini.

Matokeo yake mnayajua kwa sababu mnayapita kila siku mkielekea chooni: chumba kile cha mwisho kwenye korido, kilichofungwa kwa kufuli, ambacho kikifunguliwa kinatoa harufu ya vumbi na mende.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kwenye chumba cha namna hiyo katika chuo kimoja cha umma. Jina nalihifadhi, maana sikusudii kumchoma mtu mkaa. Mtunza stoo alikuwa mama mtu mzima. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanifungulia nichungulie. Nilihesabu kompyuta 37 za mezani zimepangwa kama matofali. Paa lilikuwa linavuja upande mmoja na masika yalikuwa yanabisha hodi. Shida yetu ilikuwa vipande 12 vya RAM, aina ya DDR3, yaani ya kizazi cha tatu, kwa ajili ya maabara ya sekondari moja ya kata ambako mashine zilikuwa na RAM ya gigabaiti (GB) 2 tu kila moja. Ukibonyeza kufungua ukurasa mmoja wa intaneti, unaweza kwenda kuswali ukarudi bado kiduara kinazunguka.

Mama akaniambia, "Mwanangu, mimi ningekupa hata sasa hivi. Lakini mkaguzi akija, akafungua kasha akakuta pengo, wewe utakuwepo? Nitakuwepo mimi."

Alikuwa na haki. Simlaumu hata leo, na ndiyo maana barua hii naipeleka juu yake. Tukaandika kwa mkuu. Tukaambiwa tusubiri mashine zifutwe kwenye rejista kwanza. Tukasubiri miezi kumi na moja, masika ikapita na vuli ikapita. Kisha zikauzwa kwa mnada wa hadhara, zote fungu moja, pamoja na viti vilivyovunjika na majokofu mawili.

Nilizikuta wiki mbili baadaye kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilizijua kwa ile namba nyeupe ubavuni. Makasha yalikuwa yamepondwa kwa nyundo. Nyaya zilikuwa zinachomwa ili shaba ibaki, na moshi wake ni ule mweusi unaong'ang'ania nguo hadi ufue mara mbili. Vijana walioukalia hawakuwa hata na kitambaa puani. Bodi zilijazwa kwenye viroba. RAM zilikuwa kwenye ndoo ya rangi, zinauzwa kwa kilo, kwa sababu ya ile dhahabu kiduchu iliyopakwa kwenye meno yake. Nilinunua 14. Nilipozijaribu nyumbani, saba ndizo zilizokuwa hai, nyingine zilishaingia maji au kuvunjwa meno.

Kwenye rundo hilohilo nikachukua na diski mbili, zile zinazohifadhi mafaili. Tukaziunganisha Jumamosi kuona kama zinazunguka. Moja ikafunguka bila kudai nywila yoyote: majina ya wanafunzi, alama zao, namba za simu za wazazi, barua za nidhamu. Yule mama wa benki alisimama akasema, "Funga hiyo kitu sasa hivi." Tukaifunga, tukaifuta kwa kuiandika sifuri mwanzo hadi mwisho, na hatukusoma zaidi ya pale. Lakini sisi tulikuwa wa pili kuishika. Wa kwanza aliinunua kwa kilo.

Hebu tazameni mpangilio huo. RAM ukizima umeme haibaki na kumbukumbu ya chochote. Hiyo ndiyo tuliyonyimwa kwa hofu ya mkaguzi. Diski haisahau mpaka usahaulishe. Hiyo ndiyo iliyouzwa mnadani. Na haya yametokea katika nchi yenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na yenye kanuni za mwaka 2021 zinazohusu hasa taka za vifaa vya umeme na elektroniki. Utaratibu ulifuatwa kila hatua. Kila karatasi ilikuwa na saini.

Kuhusu diski, basi, tumalizane. Hatuzihitaji. Zitoeni kwanza, kabla ya mtu yeyote wa nje kugusa mashine. Ile ya kuzunguka, ya zamani, ikiandikwa juu yake yote mara moja kwa programu ya kufuta inatosha. Zile hadithi za kufuta mara saba au thelathini na tano ni za enzi nyingine. Diski za SSD, zile mpya zisizozunguka, zina tabia yake. Huwezi kuziandika juu ukaamini kwamba umefika kila kona, kwa hiyo hutumika amri yake yenyewe ya kujifuta iliyomo ndani. Kufuta kwa kubonyeza "delete" kisha kumwaga kapu hakufuti kitu, na naomba radhi kama nawafundisha mnachokijua, ila nimeshaona. Kama hamna muda wala mtu wa kazi hiyo, tobweni diski zote kwa keekee mbele ya mashahidi. Mtaniuma kidogo, maana diski nzima ni diski nzima, lakini nitaelewa. Ninachoomba ni kwamba baada ya diski kutoka, hofu nayo itoke.

Kwa nini nasema leo? Kwa sababu stoo zenu zinakaribia kufurika. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida. Windows 11, isipokuwa kwa chache, haikubali rasmi prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane, kilichotoka 2017, na inadai pia chipu ya usalama ya TPM 2.0. Maana yake ofisi nyingi zitashusha mashine ambazo hazina kasoro yoyote. Hazijaungua wala hazijadondoka. Zimekataliwa tu na programu. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Hizo mashine tunaziwekea Linux Mint, programu endeshi ya bure badala ya Windows, au Lubuntu, iliyo nyepesi, kwa zile dhaifu zaidi, na mwanafunzi anaandika insha yake, anajifunza jedwali, anaprogramu. Na mwishoni mwa 2025 bei ya RAM mpya ilianza kupaa duniani, kwa kuwa viwanda vinaelekeza nguvu kwenye mitambo ya akili bandia. Kipande ambacho kwenu ni vumbi, kwa shule ya kata ni bajeti ya muhula.

Nchi hii mwaka 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta. Kuna siku nafikiri kwamba tulizoea kuzikataa mlangoni, na sasa tumejifunza kuzikubali ili tuzikatae stoo. Tuyaache hayo.

Najua hoja mtakayoitoa, na ni hoja nzito kuliko ile ya diski. Mtasema kwamba tukiruhusu vipuri vitoke, tumefungua mlango wa wizi. Mashine nzima itatangazwa chakavu Ijumaa, Jumatatu RAM yake iko Kariakoo mezani. Ni kweli, hilo litatokea mahali. Sitajifanya malaika, kwa sababu limetokea hata kwetu ambako hakuna hela. Kijana mmoja alikuja na adabu zote, akachukua vipande viwili vya DDR4, GB 8 kila kimoja, akasema ni vya shule anayosoma mdogo wake. Wiki haikuisha, mwenzetu akavikuta Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na alama yetu ya wino wa buluu ikiwa bado kwenye kibandiko. Tuligombana sana Jumamosi ile. Wengine walitaka tufunge daftari kabisa.

Hatukulifunga, tulilibana. Sasa ukitafuta kipuri unaandika mashine yenyewe, modeli yake na ugonjwa wake. Ukiandika "natafuta RAM" tu, unafutwa urudi na maelezo. Ni DDR ngapi? Ya laptopu au ya mezani? DDR2, DDR3 na DDR4 haziingiliani. Ule mkato wa chini ya kipande umewekwa mahali tofauti makusudi ili mtu asilazimishe. Hata DDR3 yenyewe ina mbili: ya volti 1.5, na ya volti 1.35 iliyoandikwa L, na laptopu nyingine haziwaki kabisa ukizipa ya kwanza. Mwizi hana habari hizo. Mwenye shida anazo, au anakuja na mashine mkononi tukazitafuta pamoja. Na kanuni iliyotusaidia kuliko zote ni ya mbovu kwa nzima: ukichukua pawa saplai hai, unaacha ile iliyokufa. Mlaghai hana mbovu ya kuacha. Halafu zile mbovu tunazikusanya kwenye pipa moja badala ya kuzagaa majalalani, na hata hizo zina kazi, kwani pawa saplai ikifa mara nyingi feni yake ni nzima, na bodi iliyovimba kapasita bado unaweza kuinyofoa soketi zake.

Kama watu kumi na watano wasio na ofisi wala bajeti wameweza kulibana daftari, taasisi yenye mkaguzi wa ndani haishindwi. Tena ninyi mna silaha ambayo sisi hatuna: umri wa mashine umeandikwa. Semeni vipuri vitoke kwenye mashine zilizopita miaka kadhaa tu, mnayoipanga wenyewe. Orodha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo kabla ya kutoa na baada ya kutoa, ikiwa na jina la shule iliyopokea. Wizi unapenda stoo yenye giza, na giza ndilo mlilonalo sasa hivi.

Ninachokiomba hasa ni safu moja kwenye fomu yenu. Mashine inaporudi stoo ikiwa imeharibika, fundi wenu aandike kilichokufa na kilicho hai: "pawa saplai imeungua, RAM GB 4 DDR3 hai, prosesa hai, feni hai." Ni dakika kumi kwa mashine moja kwa fundi mwenye pawa saplai ya kujaribia. Mkiwa na safu hiyo, RAM imezaliwa kiofisi, ina mahali pa kusainiwa, na yule mama wa stoo ana karatasi ya kumwonyesha mkaguzi. Kwanza kabisa mtagundua kwamba mngeweza kujitibu wenyewe: mashine tatu zilizokufa kwa magonjwa matatu tofauti mara nyingi zinatoa mbili nzima. Mkishajitibu, wapeni shule za umma zilizo jirani. Kenya jambo la kuhamisha limo ndani ya sheria yao ya ununuzi wa umma na uondoaji wa mali ya 2015, ambayo inataja kuipa taasisi nyingine ya umma mali isiyohitajika, kwa malipo au bila malipo. Na tangu 2002 wana Computer for Schools Kenya, inayokusanya kompyuta zilizotumika, kuzikarabati na kuzipeleka mashuleni. Sisi wa baraza tuwekeni mwisho wa foleni, hatuna neno. Kitakachobaki baada yetu kiende kwa wenye vibali vya kushughulikia taka hizo, kisiende kwa anayechoma nyaya.

Neno moja kuhusu mnada, kwa kuwa najua lazima mapato yaonekane. Uzeni, lakini gaweni mafungu. Kompyuta 37 zikiuzwa fungu moja na viti, fundi mdogo hana mtaji wa kushindana, na anayeshinda ni mwenye mizani na lori. Zikiuzwa tano tano, au vipuri kwa sanduku vikiwa vimejaribiwa, nina hakika hata nyinyi mtapata zaidi, kwa maana RAM hai haiuzwi kwa kilo popote pale isipokuwa kwa asiyejua ni nini.

Msidhani naongelea mambo makubwa. Mwaka jana mwalimu mmoja alituita kwenye shule ambako kompyuta nane zilikuwa zimetangazwa mbovu. Tatizo lililoandikwa: "intaneti haifunguki, huenda ni virusi." Tulipofika tukakuta tarehe zimerudi nyuma miaka kadhaa. Ile betri ndogo kama sarafu, CR2032, ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila ukizima umeme mashine inasahau leo ni lini, na tovuti za siku hizi zikiona tarehe ya ajabu zinakataa kufunguka. Betri nane, kila moja haizidi sana bei ya soda. Mashine hizo zilikuwa zimeshahamishiwa stoo na barua ya kuomba mpya ilikuwa imeshaandikwa. Mwalimu mkuu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka akauliza, "Sasa zile za mwaka juzi tulizozitoa?" Hakuna aliyemjibu.

Kwa hiyo naambatanisha, badala ya vielelezo, ukurasa wa leo wa daftari letu, upande wa kulia, jinsi ulivyo:

Natafuta RAM DDR3L ya laptopu, GB 4, vipande viwili. Mashine ni ya maabara ya sekondari, imepiga mlio mara tatu na haiwaki.

Natafuta pawa saplai ya mezani yenye kiunganishi cha pini 24. Ya zamani ya pini 20 ninayo, naitoa.

Natafuta waya wa IDE, ule mpana. Nina diski ya marehemu baba yenye picha za harusi ya dada, bodi mpya haina mahali pa kuichomeka.

Natafuta feni ya prosesa soketi 775, hata bila vibanio, nitafunga kwa waya.

Natafuta kibodi yoyote ya USB, hata ikikosa herufi mbili, mradi zisiwe A na I.

Upande wa kushoto leo una mistari miwili tu. Mkikubali, tutakuja na bisibisi zetu, brashi zetu na chai yetu, siku mtakayopanga ninyi, mbele ya mtu wenu, na kila kitakachotoka kitaandikwa pande zote mbili. Jumamosi inatufaa zaidi.

Naomba kuwasilisha.

Fundi wa barazani, Kigamboni

Nakala: Mama wa stoo, popote ulipo. Shikamoo.